Tarumbeta Lililonyamaza Kaburini

Mpendwa mshauri Bi. Swabaha, naomba msaada wako, na tafadhali usianze kwa kunituliza kwa sababu sitaki kutulia.

Mume wangu ni mpiga tarumbeta wa usharika wetu hapa Tengeru, anapiga sauti ya kwanza, na aliyemfundisha ni baba yangu mzazi, mwalimu wa tarumbeta tangu mimi sijazaliwa, alimchukua kijana hana hata viatu akamfundisha mpaka akampa na binti, yaani mimi. Sasa baba amefariki, na kwetu mtu wa tarumbeta huzikwa kwa tarumbeta, tena baba aliacha wimbo wake alioutunga mwenyewe wa kuingia nao kaburini, tukasimama pale migombani penye kaburi, jeneza liko tayari, mume wangu akaliinua tarumbeta mdomoni, akalishusha, akasema ana kidonda mdomoni hawezi, basi baba yangu akashushwa kwa sauti ya pili na besi tu, wimbo hauna kichwa, na mpaka leo shangazi zangu wananiuliza kama tulikuwa na ugomvi na marehemu.

Nilimeza. Mwezi haujaisha ikaja mjini bendi kutoka Dar, hizi za siku hizi ambazo si za shirika wala jeshi wala chama, vijana wamejichangia vyombo wakapakia kwenye lori wanazunguka mikoani, wanachanganya dansi na rege na chakacha na ngoma za Kimakonde, na mbele wamepanga matarumbeta na saksafoni. Mdogo wangu Tekla akanishawishi nitoke nipunguze mawazo, ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi uko Levolosi, na mume wangu alikuwa ameaga kwamba anakwenda Kikatiti kufundisha vijana wa kanisa. Sikatai, ile bendi ni tamu, hata mimi nilisimama nikapiga makofi. Halafu mwimbaji akatangaza kwamba mpiga tarumbeta wao amelazwa Moshi kwa malaria lakini wamepata fundi wa huku huku, na fundi akajitokeza, ni mume wangu, kashika tarumbeta la kanisa. Akapuliza nini? Wimbo wa baba. Wote, bila kukosea, amefumba macho, kila akipumzika anajifuta jasho usoni kwa kitambaa, halafu ngoma zikaingia, gitaa likaingia, wasichana wakaanza kukata viuno kwa wimbo wa kaburi la baba yangu.

Nyumbani nikamuuliza kidonda kilipona lini. Akanijibu, "Kule hapakuwa na jeneza, mama Eliamani." Jibu gani hilo? Jumapili nitasimama mbele ya wazee wa kanisa niseme yote, wamfukuze kwenye kikundi asiguse tena tarumbeta. Na jina lake lichapeni hapa, anaitwa (limefutwa – Mshauri). Je, nakosea?

Binti wa Mwalimu, Tengeru

Binti wa Mwalimu, pole na msiba. Jina la mumeo nimelifuta, ingawa kwa haya uliyoyamwaga nadhani Tengeru nzima imeshamjua.

Hasira yako ina haki. Mumeo amekudanganya mara mbili, kidonda na Kikatiti, na amebeba mali ya kanisa bila ruhusa. Mwanamume mzima anaona bora shangazi zako wakusute wewe kuliko yeye kusema neno moja la kweli. Nimekasirika pamoja nawe.

Lakini na wewe nisikilize. Habari za heshima ya msiba usiniletee, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukumbini ukipiga makofi. Mimi ni Mwislamu, kwetu mazishi hayana tarumbeta, kwa hiyo nilimuuliza jirani yangu Mlutheri, Mzee Ndesanjo, aliyewahi kupiga kanisani. Nikamsomea barua yako, na sikufika hata nusu. "Huyo alikuwa analia," akasema. "Ukilia mdomo unatetemeka, tarumbeta linatoa upepo tu." Umelelewa na mpiga tarumbeta, ukaolewa na mpiga tarumbeta, na hili hukulijua? Kidonda alikitunga kwa sababu aliona aibu kulia mbele ya wakwe zake. Na hilo jasho la ukumbini, alilojifuta kila akipumzika, ulilitazama vizuri?

Sasa fanya hivi. Jumapili wewe kaa kimya. Mumeo aende mwenyewe kwa wazee kabla ya ibada, akiri kwamba alilichukua tarumbeta, apokee adhabu yake. Akitoka hapo awafuate shangazi zako awaambie kidonda hakikuwapo. Usipomwachia akiri mwenyewe, ukaenda kumshitaki, watamnyang'anya tarumbeta, na sauti ya kwanza ya wimbo ule anaijua nani mwingine? Utakuwa umemzika baba yako mara ya pili, na safari hii kwa mkono wako.

Mkishamaliza hayo, liazimeni tarumbeta kwa ruhusa, mpande ninyi wawili mpaka pale migombani, apulize. Akiliinua akalishusha tena, usimuulize habari za kidonda. Mpe kitambaa.