Jina la Babu Erica

Mkonze, 14 Julai 2024

Mke wangu Mama Erica,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na shemeji Joshua na watu wake hapo Kibaigwa ni wazima. Sisi hatujambo, ila upepo na vumbi la Julai vimetumaliza vifua. Erica anasoma. Baba anakuulizia kila asubuhi, mkwe wangu anarudi lini? Nimechoka kumdanganya.

Joshua kaniambia simu ikilia bado unatetemeka, ndiyo maana nampa barua kondakta wa basi. Mwaka umepita tangu wale watu wakuteke pale Kizota, kwa kuwa tu mumeo ni afisa ardhi na walidhani afisa ardhi analalia hela.

Nina swali nimekaa nalo tangu siku ile. Walipokupa simu, kwa nini hukunijibu? Polisi aliniambia niulize kitu ambacho tapeli hakijui. Nikauliza jina la baba yangu. Ukanyamaza. Nikaamini ni matapeli, nikakata.

Rudi nyumbani, Raheli. Nimechoka kula bila wewe.

Mumeo,
Baba Erica


Kibaigwa, 2 Agosti 2024

Baba Erica,

Habari za huko? Hapa tu wazima, miguu tu ndiyo inanisumbua. Malori ya mahindi yanapiga honi tangu alfajiri, nayo siyaogopi, maana honi haisubiri niijibu.

Hivi kweli unaniuliza mimi? Wewe ni Mgogo, hukuokotwa njiani. Siku ya harusi shangazi yako Anyesi alinikalisha chini akaniambia jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu maadamu mimi ni mke wa mwanawe. Miaka kumi na sita sijalitaja. Nilipompeleka hospitali, nesi aliniuliza jina la mgonjwa nikamsukumia kadi. Ulinicheka wiki nzima.

Siku ile mtu mmoja alinishikia simu sikioni, mwingine ameniwekea panga begani. Ungeniuliza rangi ya mlango wetu ningekwambia. Ungeniuliza kovu la Erica liko goti gani ningekwambia. Nilifungua mdomo nilitaje jina la baba yako, likagoma. Nikasikia umekata. Yule wa panga akasema, "Mama, mumeo hakutaki." Nikakaa siku tisa nyingine, mpaka Joshua alipouza maksai wake wa kulimia akawapelekea walichotaka. Mwaka huu amelima kwa jembe la mkono na hajanisema hata mara moja.

Hasira ninayo, ila nimechoka kuibeba. Nijibu jambo moja tu. Ulisahau, au ulijua? Ukiniambia ulisahau nitakuamini, na Jumamosi yake napanda basi.

Mkeo,
Mama Erica


Mkonze, 20 Oktoba 2024

Mke wangu,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa. Jua la huku ni kali, mvua bado, na Baba kesha safisha shamba kana kwamba inanyesha kesho.

Barua ya kukwambia nilisahau nimeiandika mara tatu nikaichana. Nusu yake ni kweli. Nilipouliza nilikuwa nimesahau. Mezani kwangu ofisini kila anayekuja namwuliza jina la baba, na siku ile mdomo ulikwenda wenyewe. Lakini uliponyamaza nilikumbuka. Tapeli angetaja jina lolote tu, akabahatisha. Mwanamke wa kunyamaza alikuwa mmoja. Nilikusikia ukihema, Raheli.

Wale watekaji walikuwa wamenitaka niuze hii nyumba niwape hela. Polisi alikuwa ananitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Achana nao, bwana, matapeli hao." Nikamwacha aamini hivyo, na mimi nikajifanya nimeamini. Nilijiambia watachoka, watakuachia. Nyumba ninayo mpaka leo, na sebuleni sikai.

Baba hajui. Najua barua hii inanigharimu nini, ila sina tena nguvu ya kudanganya watu wote wa nyumba hii.

Mumeo,
Luka


Kibaigwa, 24 Oktoba 2024

Luka,

Hujambo? Mimi sijambo. Asante kwa kusema kweli. Ungeandika lile neno moja tu, nilisahau, leo ningekuwa nafunga mzigo.

Erica aje huku likizo ya Desemba, kitanda chake kipo na wifi yangu Priska ameshakitandika. Mwambie mzee asiniulizie tena asubuhi. Mwambie alinipenda kama mtoto wake wa kumzaa, na mimi nilimpenda, na hana kosa lolote. Nimelia kwa ajili yake kuliko nilivyolia kwa ajili yako.

Swali lako la siku ile nalijibu sasa, nimelitamka kwa sauti kabla ya kuliandika. Baba yako anaitwa Ndahani.

Ni mimi,
Raheli, dada yake Joshua