Makofi ya Baraka

Kwako yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Natumaini homa ya mtoto imepoa. Hapa Baraka upepo wa ziwa ni mkali na mikebuka ya kuchoma, samaki wa hapa, ni minono. Ulinisihi nirudi na rafiki walau mmoja. Kwenye mkutano wa washairi kila mtu anamwita mwenzake Maître, yaani bingwa, anapiga naye picha, kisha anarudi kwenye simu yake. Zamu yangu ilipofika nilisoma ubeti uleule mara mbili, nikauacha wa mwisho. Wakasimama wote kunipigia makofi.

Wakati wa kula, Sifa, mwimbaji kutoka Nundu, akaja kukaa karibu nami.

“Kaka, kile kipande ulisoma mara mbili. Ulisahau ao uliogopa?”

“Niliogopa.”

“Bale banapiga makofi juu banangoja yabo, bapigiwe nabo. Kesho ukuye kwetu usome yote. Pahali shairi linachosha, mi nitakuambia.”

Yaya, hata mbele ya mkuu wa ofisi yetu sijawahi kuogopa hivi. Lakini kesho nitaenda kwa kina Sifa. Niombee, na umkumbatie mama kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Amani