Ufagio wa Wifi

Jumatatu, 2 Desemba
Nimefika kwa kaka. Nyumba ya askari wa hifadhi — vyumba viwili, mlango unatazama bahari. Kasema nikae mpaka joto liishe, nipumzike baada ya msiba wa mume wangu. Mkewe kalisukuma begi langu kwa mguu. "Karibu wifi. Hapa hakuna mgeni, kila mtu ana kazi yake." Kanikabidhi ufagio. Kila alfajiri nifagie kuanzia mlangoni mpaka maji yanapofika, kabla kaka hajaamka. Pwani inafagiwa? Mungu anipe kifua.

Ijumaa, 20 Desemba
Kaka kanitembeza mikokoni, kwenye njia ya mbao. Kaa wekundu, ndege wa miguu kama vijiti. Nimecheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kurudi, wifi kaona mchanga sebuleni — eti mimi ni mzigo unaotembea. Kaka akaendelea kula.
Asubuhi nilifagia alama za trekta tena, toka majini hadi kwenye nyasi. Sijui trekta linatafuta nini baharini.

Jumanne, 7 Januari
Mkuu wa hifadhi kaja, kafura. Kasa, wale kobe wa baharini, wametaga kwenye fukwe zote isipokuwa wa kaka. "Unalala, bwana! Kasa akipanda kutaga anaacha mburuzo kama tairi la trekta. Hata kipofu angeuona." Asipoonyesha kiota mwezi huu, kazi hana.
Basi ndizo alama nilizokuwa nafagia. Wifi anamimina chai, anatabasamu. Kumbe alijua. Kaka alipotoka kumsindikiza mkuu, wifi akaniambia kachoka na chumvi ya bahari, kazi ikiisha watarudi mjini. "Na wewe utajua pa kwenda."
Kaka akarudi, akashika kichwa. Nianzeje kumchongea mke wa mtu kwa mumewe?

Jumatano, 8 Januari
Nimesali, nimetoka. Mburuzo mbichi huu hapa, mpaka chini ya kamba ya nguo. Kaka bado kalala. Wifi mlangoni, sauti ya chini: "Fagia, unangoja nini?" Nikasema mkono unauma. Akaja kunipokonya ufagio. Sikuuachia.
Sasa nimeketi katikati ya mburuzo, ufagio nimeukalia, naandika. Wifi kanisimamia kichwani, ananitukana kwa kunong'ona — mjane mkavu, kupe, mchawi wa sala. Naandika kila neno, na yeye anaona naandika. Sauti inaanza kumpanda. Mungu wangu, mzidishie hasira kidogo tu, dirisha la kaka liko wazi