Mawe Uliyoyapanga Wewe

Kambi ya Kilumba,
Milima ya Uluguru,
Morogoro.
26 Mei 2024

Mpendwa Mama Mdogo Semeni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, na kwamba ule mguu uliokusumbua tangu Ramadhani sasa unakanyaga vizuri. Baba mdogo naye, kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Masika yameondoka, ila matope bado yapo, na baridi ya asubuhi ya huku unaijua.

Ningeweza kupiga simu. Nilijaribu mara mbili, nikakata kabla haijaita. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Halidi wa lori akukabidhi mkononi.

Unajua mimi sasa ndiye msimamizi wa kambi hii, iliyojengwa pale palipokuwa nyumbani kwa bibi. Wanafunzi wa kwanza wa msimu wanapanda wiki ijayo kujifunza mambo ya misitu. Mvua ilikuwa imeharibu paa la jiko, vyoo, na njia ya kwenda chemchemini. Basi wakaja watu wa kujitolea kutoka Kihonda, wakiongozwa na dada mmoja aitwaye Pendo. Watu wema kweli. Wamefyeka, wamezibua mitaro, mikono ikawatoka malengelenge na hawakulalamika, isipokuwa chai yangu ndiyo walisema haina sukari.

Fundi wao, Elia, alitaka mawe ya kujengea ngazi za chemchemini, maana pale panateleza na mtoto anaweza kuvunjika. Mimi na mdomo wangu mwepesi nikamwonyesha yale mawe yaliyopangwa nyuma ya migomba ya zamani. Nikasema ni msingi wa banda la mbuzi la babu. Hakuna aliyewahi kuniambia vingine, nami sikuuliza. Waliyabeba wakiimba.

Alhamisi, Mzee Dadi wa bondeni alipanda kutuletea ndizi. Alipofika kwenye ngazi alisimama, akavua kofia.

"Mwanahawa, mwanangu, mawe haya mmeyatoa wapi?"

Nikamwambia.

"Lo! Pale kalala mtoto wa Semeni. Mawe haya kayapandisha mwenyewe toka mtoni, moja moja, hata arobaini ya uzazi hajamaliza."

Mama mdogo, nilikaa palepale kwenye matope. Nina miaka thelathini na minne, na sikujua kwamba ulizaa kabla ya Shukuru. Nimeona haya, na nimeumia sana.

Sikumwambia Elia abomoe. Alikuwa amesikia. Alichukua nyundo na tindo akaanza kuing'oa kazi yake ya siku mbili, saruji imeshakamata. Pendo na wenzake wakaja kumsaidia, na safari hii hakuna aliyeimba. Mawe yote yapo. Moja lilipasuka, sitakuficha. Vipande vyote viwili nimevitunza.

Ngazi hazipo tena, wanafunzi watashuka kwa kushika kamba. Mawe tumeyarudisha nyuma ya migomba, tukayalaza juu ya majani, lakini hatujayapanga. Mzee Dadi anakumbuka upande wa kichwa tu, na mimi siwezi kubahatisha juu ya kaburi la mwanao. Hakuna hema litakalopigwa upande ule. Nakuomba uje uyapange mwenyewe. Ukiona safari ni nzito, au ukiona huwezi kunitazama usoni, mtume Shukuru na maelekezo, nami nitafanya kama utakavyosema.

Naomba radhi, mama yangu. Nilikosa kwa kutojua, lakini nilikosa.

Mama anakusalimu sana. Nilipomsimulia alilia, akasema wewe ndiye uliyeomba lisizungumzwe, naye akaheshimu. Nisalimie baba mdogo, Shukuru na mkewe, na Sabra mdogo. Mwenyezi Mungu akupe afya na subira, na awatunze wote ulio nao.

Na kama yule mtoto alipewa jina, niandikie. Siku tatu hizi namwombea dua nikisema "mtoto wa mama mdogo" tu, na yeye ni ndugu yangu.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa