Nimewasalimu Mara Tisa na Tovuti Haijarudi

Kwako Bi Salha, mshauri wetu wa gazetini kila Jumatano,

[Ukurasa mzima wa salamu umeondolewa na mhariri.]

Naomba unisaidie, na kabla sijaeleza shida yangu nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si shangazi yangu, si rafiki zangu wa shule, si hata dadangu ninayelala naye chumba kimoja: tovuti ya masufuria imezimika wiki tatu sasa, na si kwa sababu ya mtandao, ingawa hivyo ndivyo ninavyomwambia kila anayeniuliza.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko Kidato cha Tatu, nakaa Likoni upande wa Mtongwe kwa shangazi yangu Bi Zubeda. Shangazi na wenzake saba wana chama cha kukodisha vyombo vya harusi, yaani masinia, majamvi, na yale masufuria makubwa ya pilau ambayo hayabebwi na mtu mmoja. Zamani mwenye harusi alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akaandikiwa tarehe yake kwenye daftari, na daftari lenyewe lilikuwa limelowa mchuzi hata kurasa zikashikana, mpaka mwaka juzi watu wawili wakaandikiwa masufuria yale yale siku moja, na mama mmoja akapika pilau ya watu mia tatu kwa zamu katika vyombo vya majirani. Mimi napenda kusoma, na wakati huo nilikuwa nimemaliza kitabu cha maktaba kinachofundisha kutengeneza tovuti, nikajaribu kwenye kompyuta za shule mpaka nikaweza, nikawatengenezea tovuti yenye kalenda, ambapo mwenye harusi anachagua tarehe kwa simu yake, anaandika jina na nambari, na kazi imekwisha. Tukaiweka kwa kampuni moja ya Nairobi, ambayo nisingependa kuitaja, inayosajili majina ya tovuti na kuzihifadhi tovuti zenyewe kwenye kompyuta zake. Shangazi alifurahi hata akalichana daftari akafungia bajia. “Daftari limestaafu,” aliwaambia wenzake. “Sasa ni Samiha tu.”

Basi tarehe tatu nikafungua tovuti nikakuta ukurasa mweupe, umeandikwa kwamba ninachotafuta hakipatikani. Ndani yake zimo harusi kumi na nne za mwezi wa Shaaban, na wewe wajua vile kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na Shaaban yaanza baada ya siku kumi na mbili, nami sina orodha mahali pengine popote. Mtu akija siku yake akute masufuria yamekwenda kwa mwengine, itakuwa ni mimi nimemharibia harusi.

Sasa naja kwenye aibu yangu. Sisi kwetu tumelelewa na nyanya, Mungu amrehemu, ambaye ukiingia kwake kuomba chumvi kabla ya kumjulia hali alikurudisha mlangoni uingie upya. Kwa hivyo nikawaandikia kampuni: “Assalamu alaikum. Habari za asubuhi? Habari za kazi na za nyumbani? Natumai nyote hamjambo.” Nikangoja wajibu ndipo niseme haja yangu. Haikupita dakika ikaja barua: “Mteja mpendwa, asante kwa kuwasiliana nasi. Suala lako ni muhimu kwetu.” Nikaona vizuri, wamenikaribisha, nikaandika kwamba sisi pia hatujambo, alhamdulillahi. Kesho yake wakajibu: “Suala lako limetatuliwa. Tiketi imefungwa.” Bi Salha, nilikuwa sijasema suala lolote!

Nimefanya hivyo mara tisa, nikibadilisha maneno kidogo nikidhani labda sikuwa na heshima ya kutosha. Mara ya sita nilijikaza nikaandika kwamba nina haja nao, wakanijibu nizime simu kisha niiwashe. Halafu nikapiga simu, ambacho ni kitu ninachokiogopa kuliko mtihani, nikasikiliza muziki wao dakika ishirini na mbili, akatokea dada mmoja.

“Pascalia hapa, nikusaidie aje?”

“Assalamu alaikum, dada Pascalia.”

“Sawa. Shida ni gani?”

“Habari za tangu asubuhi?”

“Poa. Shida?”

“Na nyumbani hawajambo?”

“Nyumbani kwa nani?”

“Kwako.”

“Madam, uko na shida ama huna?”

Nikasema, “Sina haraka.”

“Haya, asante kwa kutupigia,” akakata.

Na kila tiketi, yaani nambari wanayoipa kila barua ya mteja, ikifungwa wananiuliza nimehudumiwa vipi, nyota moja hadi tano, nami nimewapa tano mara zote tisa, kwa sababu sikuona vipi nitamwaibisha mtu ambaye hakunitukana.

Jumapili iliyopita wanachama walikutana uani kwetu, na Mama Ngowa, ambaye ndiye mtunza vyombo, akaniita mbele ya wote. “Samiha, tovuti yako yarudi lini? Kuna watu waniuliza tarehe.”

“Inshallah, mtandao ukitulia,” nikasema.

Shangazi akageuka. “Mtandao gani huo, wa tovuti peke yake? Mbona wa tamthilia zako waingia?”

Wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaingia ndani nikajifanya natafuta sukari mpaka walipoondoka. Je, niendelee kuwaandikia kampuni kwa adabu, au nimwambie shangazi, na nikimwambia nianzie wapi, maana daftari ni mimi niliyelistaafisha?

Wako mtiifu,
Samiha, Likoni

*

Samiha mwanangu,

Waalaikum salaam, sote hatujambo, na paka wangu pia hajambo. Umeona? Mstari mmoja tu. Sasa nisikilize.

Nianze na hao wa Nairobi ili nisije nikakukasirikia wewe peke yako. Kampuni inayofunga tiketi kabla mteja hajasema kilichomleta haihudumii watu, inahesabu tiketi. Mtu ameandika mara tisa katika wiki tatu, na hakuna hata mmoja aliyesema, “Hebu tumuulize huyu binti ana nini.” Hilo ni kosa lao, lisikuondokee kichwani.

Lakini na wewe pia! Ile barua ya dakika moja haikuandikwa na mtu, mwanangu. Iliandikwa na mashine, nawe ukakaa ukisubiri mashine ikuulizie hali ya shangazi yako. Nyanya yako alikufundisha salamu za watu wenye nyuso, walio na nafasi ya kukujibu. Mtu anayelipwa kupokea simu mia kwa siku, heshima yake kubwa ni kumwambia shida yako waziwazi ili aimalize apumzike. Kumsalimia ni vizuri. Kumficha haja yako si adabu, ni kumchosha.

Na hizo nyota! Wewe ni msomi, basi niambie: mtu akitoa ushahidi kwamba alihudumiwa vizuri ilhali hakuhudumiwa, huo unaitwaje? Ukiwapa tano mara tisa, mteja mwengine akilalamika ataambiwa mbona yule wa Likoni ameridhika. Basta. Usirudie.

Sasa niseme ambalo naona hukulifikiria, au ulilifikiria ukaliogopa. Zile tarehe hazimo kwenye kompyuta ya Nairobi pekee. Zimo vichwani mwa kina mama kumi na wanne wanaoozesha, na mimi sijamwona mama anayesahau siku ya harusi ya mwanawe. Wangeweza kuulizwa tangu tarehe nne. Hukuwauliza kwa sababu kuwauliza kungekuwa kukiri. Umetumia wiki tatu kuwabembeleza wageni ili usiongee na mtu anayekupikia chakula.

Kwa hivyo utafanya hivi, na utaanza leo. Kabla ya chakula cha usiku, mwite shangazi kando umwambie: “Shangazi, tovuti imezimika, harusi zimo ndani, na nimekuficha.” Usianze na jambo lingine, usizunguke. Atakasirika, na ana haki, muache amalize. Kisha mwombe yeye na wenzake watume neno kwa wanawake wote wanaowajua, kila aliyeweka tarehe ya Shaaban ajitokeze tena. Shangazi yako ana mdomo na anajulikana, wewe una kalamu. Kila mmoja atumie chake.

Halafu piga simu kampuni, shangazi akiwa amekaa ubavuni. Andika kwanza kwenye karatasi: jina la tovuti, siku iliyozimika, unachotaka, na unakitaka lini. Soma karatasi yako hata sauti ikitetemeka. Wakikwambia si kitengo chao, ngoja hapo hapo. Usikate mpaka umepata jina la mtu na saa atakayomaliza. Tovuti ikirudi, chukua nakala ya kila kilichomo, kisha uhamishie jina kwa kampuni nyingine, maana jina ni mali ya chama chenu, si ya hao. Na kuanzia sasa kila Ijumaa utanakili tarehe kwenye karatasi, uitundike jikoni. Tovuti yako ni nzuri, lakini harusi kumi na nne haziwezi kutegemea mlango mmoja ambao ufunguo wake uko Nairobi.

Hukuharibu harusi ya mtu bado. Simama.

Bi Salha

*

Bi Salha,

Nilifanya ulivyosema, na nimeona nikuandikie yaliyotokea.

Gazeti lilipotoka shangazi alikuwa akichambua mchele. Nilimwambia yale maneno uliyoniandikia, kwa mpangilio ule ule, kisha nikampa gazeti asome barua yangu. Akaweka ungo chini. “Wiki tatu, Samiha? Wiki tatu watwambia mtandao, kumbe wamuuliza Pascalia habari za kwao?” Akanigombeza mpaka adhana ya magharibi, na baada ya kuswali akaendelea kidogo. Kisha akachukua simu, akarekodi sauti akaituma kwenye kundi la chama, kundi la madrasa na kundi la kina mama wa kwetu: “Enyi wenye harusi za Shaaban, kompyuta imetulalia, niambieni tarehe zenu kabla sijapandwa na presha.” Kufikia alasiri ya kesho yake kumi na mmoja walikuwa wamepiga. Watatu hawakujitokeza.

Nilipotoka shule tukapiga kampuni, simu ikiwa mezani na sauti imefunguliwa. Akapokea Pascalia yule yule. Nikasoma karatasi: “Tovuti yetu imezimika tangu tarehe tatu, jina lake ni hili, nataka irudi kufikia kesho adhuhuri, na nataka nakala ya kila kitu kilichomo. Assalamu alaikum.”

“Waalaikum... ngoja. Hiyo si yangu, ni ya ufundi.”

“Nitangoja hapa hapa.”

Tulingoja nusu saa. Akaja fundi mmoja, Kimani, akaangalia, akasema walihamisha tovuti za wateja kwenye kompyuta mpya, na yetu ikasahauliwa kwenye ile ya zamani. Ni kazi ya dakika chache. “Lakini mbona hukutuambia mapema?” akaniuliza.

Shangazi akainamia simu. “Amewasalimu mara tisa, baba! Nyinyi mlidhani yuwauza nini?”

Kimani akacheka, akaomba radhi, akanipa jina lake kamili na saa. Siku ya pili saa sita na nusu tovuti ilikuwa imerudi. Nikanakili majina yote kumi na manne na kuyatundika jikoni, na tumeanza kulihamisha jina kwa kampuni nyingine. Walipouliza nyota niliwapa mbili, moja ya Kimani na moja ya Pascalia kwa kuitikia salamu.

Katika wale watatu, mmoja alikuwa Bi Fatma wa Kiembeni, anayemwozesha bintiye Zuleikha Jumamosi ya kwanza ya Shaaban. Hayumo katika kundi lolote la shangazi, tovuti alionyeshwa na bintiye. Isingerudi tusingemjua.

Jumamosi hiyo tukapanda pikapu alfajiri, mimi, shangazi na Mama Ngowa, tukampelekea masufuria mawili makubwa na masinia ishirini. Tulipoyatua uani kwake nilimwambia Bi Fatma kila kitu: kwamba kwa wiki tatu hatukuwa na jina lake popote, na kwamba lilikuwa kosa langu kutosema. Shangazi alinitazama lakini hakunizuia. Bi Fatma aliniuliza kama masufuria ni yake mpaka Jumatatu. Nikasema ndiyo. Akasema basi nimpishe, awashe moto.

Samiha