Ruhusa ya Kwenda Kenya

Kabale, uko wapi? Fathia ametoka kwa kadhi saa hii, na mtoto haendi Uswidi tena!

Unakumbuka baada ya talaka yao, Guled alimpa Fathia ruhusa kwa mdomo wake, kule Merti? "Nenda na mtoto, hata Uswidi." Aliyekuwepo ni Abdihakim tu, kakake Fathia wa tumbo moja. Ndiye shahidi wake.

Leo Guled akaruka, ati hakutaja Uswidi. Kadhi akamuuliza Abdihakim: alisema wapi?

"Alisema Kenya."

Kenya! Wallahi, Kenya! Si unajua watu wa Merti, mtu akishuka Nairobi wanasema ameenda Kenya, kana kwamba kaskazini kwao si Kenya? Fathia akadhani ulimi umemteleza. "Abdihakim, si ulisikia Uswidi?" Kakake akaangalia viatu vyake. "Nilisikia Kenya."

Walipotoka nje Abdihakim akamwambia dadake bila haya: "Sisi wajomba tuko huku. Huko Uswidi mtoto atakuwa wa nani?"

Na asubuhi, Kabale, nani alimsaidia Fathia kufunga sanduku la mtoto? Huyo huyo. Alilikalia mpaka zipu ikafunga.