Sehemu ya Bukini Niliyoichagua

Jumatano, Ujiji

Zuhura amepiga simu tena. Anataka jibu leo: tukifika kisiwani Bukini, kule Bahari ya Hindi, twende pwani ya kaskazini, misitu ya mashariki, au nyanda za juu kwenye mji mkuu? "Baba, chagua wewe. Likizo ni yako." Binti yangu ni mwema, ila hakuniuliza kwanza kama nataka kwenda.

Kukataa siwezi tena. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani, na jana baada ya sala ya alasiri wazee walikuja kuniaga na kuniombea dua ya safari. Mtu aliyeombewa dua ya safari ataonekanaje akikutwa sokoni ananunua dagaa?

Kinachonikaba ni mdogo wangu Hamisi, anayeumwa kule Buzebazeba. Nimetoka kwake jioni. Amekonda, na hata uji unamshinda. Nilipomwambia kwamba ningependa kubaki, alinicheka.

"Nenda, kaka. Unanikodolea macho kama abiria anayesubiri meli."

Sikucheka. Sisi hatulazi maiti. Akifa asubuhi, alasiri atakuwa kaburini, na mimi sitakuwapo kumtia udongo.

Nimemjibu Zuhura: nyanda za juu. Amefurahi, akasema alijua baba yake anapenda baridi. Sikumwambia kwamba huko ndiko uliko uwanja mkuu wa ndege, na kwamba simu ya msiba ikija nataka niwe karibu nao.

Hata hivyo, maziko sitayawahi. Najua.